Prudencia Abadili Simu

Prudencia ni fundi cherehani wa Igoma. Kibanda chake kiko kando ya barabara ya Musoma, kati ya duka la vyuma na mama anayekaanga sambusa. Kila asubuhi anamwagia maji vumbi la mlangoni, anafunua cherehani, kisha anawasalimia majirani wote kabla hajashika mkasi.

Mikono yake ni mizuri kwa kukata. Kuandika ndiko asikokupenda. Zamani aliandika vipimo kwenye daftari. Mvua ya masika ikapita kwenye bati, daftari likalowa, wino ukasambaa. Tangu hapo akahamia kwenye simu. Anampima mteja huku anasema, na simu inarekodi: "Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini na mbili. Mkono ishirini na mbili." Halafu anajitumia mwenyewe sauti hiyo kwa WhatsApp.

Wiki iliyopita Prudencia alivuka daraja kwenda Busisi. Huko aliwapima akina mama thelathini na wawili wa kwaya. Jumamosi wataimba kwenye tamasha mjini Mwanza. Vitambaa wamenunua wenyewe, kwa kuchanga kidogo kidogo tangu Januari. Mwaka jana fundi mwingine aliwashonea kwa kukadiria. Zipu mbili zilifunguka mbele za watu, na watu wakacheka. Ndiyo maana safari hii walimwambia Prudencia neno moja tu: "Usitukadirie."

Leo ni Jumanne. Vitambaa vyao vya bluu vimekunjwa kibandani. Kesho ni kukata.

Lakini simu ya Prudencia imechoka. Inaonyesha chaji nusu, mara inazimika yenyewe. Anaiwasha, inazimika tena. Asubuhi hiyo ilizimika mara tatu kabla hajamaliza chai.

Mumewe, Mutayoba, alirudi kutoka zamu ya kiwandani Nyakato akiwa na habari.

"Mama Koku, kwa Obedi kuna ofa," alisema kabla hajavua viatu. "Unampa simu ya zamani, unaongeza hela, unapata aifoni. Mwisho ni leo saa kumi jioni."

"Aifoni? Mimi nimezoea simu za Android."

"Utazoea. Kiingiacho mjini si haramu."

"Na vitu vyangu? Vipimo vya watu viko humu."

Mutayoba akacheka. "Vitu vyote viko kwenye laini. Ukihamisha laini, umehamisha nyumba na vyombo vyake."

Mutayoba ni mtu mwema. Ila ana ugonjwa wa watu wengi: jambo asilolijua ndilo analolisema kwa sauti kubwa zaidi. Prudencia alimwamini. Saa tano alikuwa dukani kwa Obedi, muuza simu.

Kazi ilikwisha haraka. Obedi alitoa laini kwenye simu ya zamani, akaiweka kwenye mpya. Simu ya zamani akaitupia kwenye boksi pamoja na nyingine. WhatsApp ikawekwa. Namba ya siri ikaja kwa ujumbe, Prudencia akaiandika.

"Tayari, mama," alisema Obedi. "Simu hiyo, watu watakuheshimu."

Prudencia alirudi kibandani akitabasamu. Muuza sambusa aliishika ile simu kwa ncha za vidole, akaisifu, akairudisha.

Saa saba Prudencia alikaa asikilize vipimo, apange kazi ya kesho. Akafungua WhatsApp. Makundi aliyaona: la kanisa, la wazazi wa shule, la ukoo. Akatafuta mahali anapojitumia sauti zake. Palikuwa patupu.

Akafunga, akafungua tena. Patupu. Akatafuta picha. Hakuna. Akatafuta majina ya wateja. Nusu hayakuwepo.

"Waitu!" alimaka kwa lugha ya kwao, na mkono ukaenda kichwani.

Aliangalia vile vitambaa vya bluu. Kitambaa kikishakatwa vibaya, hakuna gundi ya kukirudisha. Akajaribu kukumbuka mama mmoja tu. Yule mrefu, kiuno chake kilikuwa thelathini na nne au thelathini na sita? Hakujua.

Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Malimi, kiongozi wa kwaya ya Busisi, ambaye humwita mayu, yaani mama.

"Mayu, habari za kazi?"

"Nzuri, Mwalimu. Za huko?"

"Salama. Umeanza kukata?"

Prudencia alivitazama vitambaa ambavyo mkasi haujavigusa. "Ndiyo. Nimeanza."

Uongo ulitoka wenyewe, kama kikohozi. Akauliza kwa sauti ya kujikaza, "Mwalimu, nikitaka kurudi kuwapima wachache, tuseme kesho?"

"Utampima nani, mayu? Nusu wamekwenda visiwani kununua dagaa. Wanarudi Ijumaa jioni. Kwani kuna shida?"

"Hapana. Hakuna shida."

Akakata simu. Sasa hakuwa fundi aliyepoteza vipimo tu. Alikuwa pia fundi mwongo. Alimwomba muuza sambusa amwangalizie kibanda, akatoka mbio. Watu wa Igoma walishangaa kumwona mama mtu mzima anakimbia na futi ya kupimia shingoni.

Dukani alimkuta Obedi anafunga maboksi kwa gundi ya karatasi.

"Obedi! Simu yangu ya zamani iko wapi?"

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Simu yangu!"

"Simu za leo tunazifuta zote, halafu zinapelekwa mjini. Gari linakuja saa kumi."

"Unazifuta?"

"Ndiyo, mama. Tunafuta kila kitu, ili anayeinunua asione mambo ya mteja. Ni kwa usalama wako."

Prudencia alishika meza. "Yangu umeshaifuta?"

Obedi alifungua boksi la kwanza, halafu la pili. Akatoa simu moja, akaitazama, akaiweka. Akatoa nyingine. Prudencia aliitambua kwa ufa wake wa pembeni.

"Hii nilijaribu kuifuta," alisema Obedi. "Kila nikiwasha inazimika. Nikaiacha."

Prudencia aliinyakua. Ubovu ule ule aliokuwa akiulaani asubuhi ndio uliomwokoa. Lakini simu isiyowaka ina faida gani? Aliibonyeza, ikawaka, ikazimika. Machozi yakamlenga.

"Mama, usiendelee kuibonyeza. Niletee hapa."

Aliyesema alikuwa Dorcas. Yeye ni fundi wa simu, ana meza yake mlangoni kwa Obedi. Dorcas ni msichana mpole, lakini kazini hana mchezo. Prudencia alimweleza yote. Hakuficha hata ule uongo aliomwambia Mwalimu Malimi.

Dorcas alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vipimo vyako havikuwa kwenye laini, mama. Laini inabeba namba yako ya simu. Inaweza kubeba majina machache ya watu, basi. Picha, sauti na mazungumzo ya WhatsApp vinakaa kwenye simu yenyewe."

"Mume wangu aliniambia viko kwenye laini."

"Wengi wanaamini hivyo. Kila wiki nampata mmoja analia hapa."

Alifungua simu ya zamani, akatoa betri iliyochoka, akaweka nyingine. Akairudishia laini. Simu ikawaka. Wote watatu waliitazama. Dakika moja ikapita, halafu ya pili. Haikuzimika.

"Sasa tuwe waangalifu," alisema Dorcas. "WhatsApp imehamia kwenye aifoni, kwa hiyo humu imejifunga. Tutaingiza namba yako upya. Namba ya siri itakuja kwa ujumbe. Usinitajie. Iandike mwenyewe."

"Hata wewe nisikutajie?"

"Hata mimi. Hata Obedi. Hata mtu akipiga akasema anatoka kwenye kampuni ya simu. Mwenye namba hiyo anaweza kuichukua WhatsApp yako."

Prudencia aliomba namba ya siri. Simu ikakataa. Ikaandika kwamba asubiri dakika arobaini, kwa sababu aliomba nyingine siku hiyo hiyo.

"Tusiombe tena na tena," Dorcas alionya. "Ukiharakisha, inakuongezea muda wa kusubiri."

Ilikuwa saa tisa na robo. Prudencia alikaa kwenye kigoda na simu mapajani. Obedi alimletea maji, naye akasahau kuyanywa. Alikuwa akiwaza majina ya wale akina mama mmoja mmoja, na aibu ikamchoma upya kwa kila jina.

Ili asiendelee kuteseka bure, Dorcas alianza kumuuliza.

"Mama, kwa nini ulichagua aifoni?"

"Ofa. Na sifa."

"Ni simu nzuri, sikudanganyi. Lakini simu nzuri ya mtu mwingine inaweza isiwe nzuri kwako. Wewe simu yako unaitumia kwa kazi gani?"

"Kurekodi vipimo. Kupiga picha za mishono. Kuongea na wateja."

"Nyumbani mnatumia chaja gani?"

"Moja, mimi na Baba Koku. Haiingii kwenye hii mpya."

"Na ikivunjika kioo, utatengeneza wapi?"

Hilo hakuna aliyemuuliza asubuhi.

"Sikiliza," alisema Dorcas. "Jina la kampuni lililoandikwa mgongoni mwa simu si jambo kubwa. Jambo kubwa ni mfumo ulio ndani. Simu za Android ziko za kampuni nyingi. Ukihama kampuni hii kwenda ile, na zote ni Android, vitu vinahama kwa urahisi. Ukitoka Android kwenda aifoni, vinahama pia, lakini njia yake ni nyingine. Hufanywa mwanzoni kabisa, simu mpya ikiwa bado tupu. Na simu zote mbili lazima uwe nazo mkononi."

"Mimi ya zamani niliiacha kwenye boksi."

"Ndilo kosa lenyewe. Kubadili aina ya simu si kosa. Bibi yangu husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hamisha kwanza, hakikisha, ndipo utoe ya zamani."

Saa kumi kasoro dakika tano simu ilikubali. Ujumbe ukaingia. Prudencia alificha kioo kwa kiganja, akaandika tarakimu sita, akafumba macho.

"Fungua macho, mama," alisema Dorcas.

Mazungumzo yote yalikuwepo. Prudencia alibonyeza sauti ya kwanza ya kwaya. Akasikia sauti yake mwenyewe, na nyuma yake kicheko cha akina mama wa Busisi: "Sabina. Kifua arobaini na nne. Kiuno thelathini na nane." Akaweka simu kifuani, akalia bila kujali nani anamtazama.

Nje gari la mjini likapiga honi. Obedi alilipungia mkono lisubiri.

"Mama, mimi nina sehemu yangu ya kosa," alisema. "Sikukuuliza kama umehamisha vitu vyako. Aifoni hujaitumia hata siku moja. Unataka kubaki nayo?"

Prudencia alifikiri. Aliwaza sifa za majirani, akawaza na kazi yake.

"Nipe Android," alisema. "Hata ikiwa ya kampuni nyingine. Nataka betri inayokaa kutwa, na chaja inayofanana na ya nyumbani."

Obedi alimpa moja ya kampuni ambayo Prudencia hakuwahi kuitumia, akamrudishia na chenji. Dorcas alihamishia laini kwenye simu mpya, akaziweka simu mbili karibu karibu, zote kwenye umeme. Simu mpya ilionyesha alama ya mraba yenye vidoti, ya zamani ikaipiga picha, na mazungumzo yakaanza kuhama. Majina ya watu na picha yakahifadhiwa kwenye akaunti ya Prudencia, ili siku simu ikiibiwa, vibaki.

"Usiitoe ya zamani bado," alisema Dorcas. "Hesabu kwanza."

Prudencia alihesabu sauti za kwaya kwenye simu mpya: thelathini na mbili. Alisikiliza ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ndipo akamkabidhi Obedi simu ya zamani, na Obedi akaifuta mbele ya macho yake.

Jioni Mutayoba alisikia habari yote. Alikaa, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kumbe laini haibebi vyombo," alisema.

"Haibebi, Baba Koku. Nawe kesho ninunulie daftari jipya. Vipimo vya watu nitaviweka sehemu mbili."

Jumatano Prudencia alikata. Alhamisi na Ijumaa cherehani haikupumzika. Jumamosi asubuhi aliwavalisha akina mama nyuma ya ukumbi, mjini Mwanza. Zipu zilipanda. Mikono ilifika inapotakiwa. Wakajaribu kuinua mikono yote juu, kama watakavyoinua wakiimba, na hakuna mshono uliolalamika.

"Mayu, nilijua tu," alisema Mwalimu Malimi kwa furaha. "Wewe si wa kupoteza kipimo cha mtu."

Prudencia angeweza kuitikia na kunyamaza. Sifa ni tamu. Lakini ule uongo ulikuwa bado haujafutwa.

"Nilivipoteza, Mwalimu," alisema. "Jumanne uliponipigia, sikuwa nimekata chochote. Nilikudanganya kwa hofu. Nisamehe." Akawaeleza yote: ofa, laini, boksi, na zile dakika arobaini.

Mwalimu Malimi alimtazama Prudencia, akatazama gauni za bluu zilizowakaa vizuri waimbaji wake.

"Umesamehewa," alisema. "Siku nyingine niambie ukweli, tuhangaike wote."

Sabina, yule wa kipimo cha kwanza, alikuwa ametoa simu yake kwenye pochi, ameishika kwa mikono miwili.

"Humu mna sauti ya marehemu mama yangu akiimba," alisema polepole. "Ndiyo ninayojifunzia nyimbo. Na Jumatatu ijayo nilitaka kuipeleka dukani nibadilishiwe."

Ukumbini kwaya ya kwanza ilikuwa imeshaanza kuimba. Prudencia alivuta kiti, akamkalisha Sabina, akakaa karibu yake.

"Bado tuna muda," alisema. "Ifungue. Tuvihifadhi vitu vyako sehemu ya pili, tuanze na sauti ya mama."