Ncha ya Bambo

Kiwiko kilimpata Felista mdomoni kabla hajauona uso wa mwenye kiwiko. Geti la ghala la korosho lilikuwa limefunguliwa nusu, na wahitimu wa vyuo waliofika kwenye usaili tangu asubuhi walilivamia wote kwa pamoja. Bahasha za vyeti zilikanyagwa. Mgambo walichapa fimbo miguuni bila kuchagua. Felista, mwenye shahada ya kilimo aliyoiweka kabatini miaka mingi nyumbani kwa baba yake mwalimu, mtaa wa Rahaleo, aliona damu yake mwenyewe ikidondokea blauzi nyeupe.

"Dada, nisamehe! Nimesukumwa," kijana mmoja mrefu alimshika bega.

"Umenivunja jino!"

"Hebu cheka nione."

"Nicheke? Una wazimu?"

Lakini alicheka, na meno yote yalikuwepo. Kijana akavua koti lake la bluu, koti la baba yake bila shaka kwa jinsi lilivyompwaya, akamvalisha na kumfunga vifungo mpaka shingoni ili damu isionekane. Yeye mwenyewe akaingia kwenye usaili na shati lililochanika kwapani. Aliitwa Elisha, mwana wa mfanyakazi wa bandari, wa mtaa wa Chuno, shahada ya uhasibu. Felista aliajiriwa kuwa mpima ubora. Elisha hakupata kitu. Siku alipokuja kuchukua koti, aliondoka na namba ya simu pia.

Mapenzi yao yalizaliwa kwenye fujo na hayakuacha asili. Waligombana Jumatatu, wakapatana Jumanne, na simu ya Felista haikukaa kimya.

"Bosi wangu, umekula?"

"Usiniite bosi. Niko kwenye majaribio mie. Nikipitisha mzigo mmoja mbovu, wananirudisha kwa mwalimu."

"Haya. Mke wangu, umekula?"

"Mke wa nani? Posa iko wapi?"

"Nikipata kazi, mama, posa itatangulia mshahara."

Alisema kwa kucheka, ila Felista alijua inamuuma. Mwanamume wa umri wake anayeomba vocha kwa mama yake hawezi kutuma mshenga kwa mwalimu.

Kazi ya Felista ilikuwa ya bambo, chuma chenye uwazi ndani na ncha kali mbele. Alilichoma guniani, korosho zikateremka kiganjani, akazipasua na kuzitazama. Korosho iliyoloweshwa ili iongeze uzito haikuingia, wala iliyochanganywa na kokoto. Na kila gunia alilolikataa lilikuwa na mwenyewe. Mmoja alimtemea mate. Mwingine alimwonyesha panga, akamuuliza kama amewahi kuchinja kuku. Felista alirudi nyumbani, na kesho yake akalishika tena bambo.

Kisha Elisha akapiga simu akipiga kelele kama mlevi.

"Nimepata! Karani kwa Nandonde, yule wa malori. Kesho nakuja kwako na mzigo, umwone mumeo kwenye kiti cha mbele!"

Felista aliruka kitandani kama mtoto. Mji mzima ulijua Nandonde ni mtu wa kangomba, ananunua korosho za wakulima vichochoroni na kuvusha nyingine za ng'ambo ya mto kupitia kivuko cha Kilambo. Kwa nini mtu kama huyo amchukue karani asiyewahi kufanya kazi? Elisha hakuuliza, na Felista naye hakuuliza. Mwenye njaa hana miiko.

Lori liliingia uwanjani jua likiwa utosini. Elisha alishuka na tai nyekundu, akamkonyeza. Felista akaficha tabasamu, akachoma gunia la kwanza. Maji. La pili, kokoto. Alichoma kulia, akachoma kushoto, tabasamu likamwisha usoni.

"Mzigo huu hauingii."

Nandonde alimsogelea, mkufu ukimning'inia kifuani. "Shemeji, tusiaibishane. Unadhani huyu bwana wako nimemwajiria nini? Alinionyesha picha yako kwenye simu, akasema mchumba wake ndiye anayepima pale ghalani. Nikampa kazi papo hapo."

Felista alimgeukia Elisha. Moyo ulimpasuka, na hasira ikaingia pale palipopasuka.

"Ulinipenda mimi, au ulilipenda geti?"

"Feli, sikujua. Naapa..."

"Geuzeni lori!"

Wapakiaji wa Nandonde waliruka chini. Kofi la kwanza lilimtoa Felista kilemba. Meza ya vipimo ikapinduliwa kwa teke. Wakulima waliokuwa kwenye foleni, wakidhani siku hiyo hakuna mzigo utakaopokelewa, wakaanza kurusha mawe. Amiri, mlinzi wa ghala, alipiga filimbi, naye akapigwa ngumi ya pua. Felista alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa magunia, bambo mkononi.

Ndipo akamwona Elisha akimjia mbio kutoka ubavuni, mikono ameitanua.

Anakuja kunishika, wanipige vizuri. Hilo tu ndilo alilowaza. Akachoma kwa nguvu zote za mkono uliozoea kuchoma magunia kutwa nzima, na ncha ikazama begani, chini ya mfupa wa mtulinga. Elisha hakumshika. Alimfunika kwa mwili wake, na jiwe kubwa likamtua yeye kisogoni.

"Feli," alisema kwa sauti ndogo, akaanguka.

Polisi walipofika na kutawanya watu, Amiri alimkuta Felista amekaa kwenye damu, kichwa cha Elisha mapajani.

"Jiwe lile lilikuwa lako, binti," mlinzi alisema, pua ikimvuja. "Huyu ntoto kalikimbilia yeye. Nimeona mie kwa macho yangu."

Felista akatapika.

Hospitalini, koplo wa polisi alivuta kiti karibu na kitanda, Felista akiwa amekaa upande wa pili. Bega na kichwa cha Elisha vilikuwa vimefungwa bandeji, vidole vya mkono wa kulia havikusogea.

"Nani kakuchoma?"

"Nandonde," Elisha alijibu haraka.

"Safi. Tunaye mahabusu tayari." Koplo akatoka kidogo kupokea simu.

"Nyamaza, mpenzi," Elisha alinong'ona. "Ukisema ukweli, kazi imekwenda. Yule ni mtu mbaya, akae tu ndani."

Alikuwa mtu mbaya kweli. Felista aliyakumbuka yale makofi, akaikumbuka ile miaka ya kukaa bila kazi, ya kufua nguo za baba na kuombewa kanisani kama mgonjwa. Alitamani kunyamaza. Alitamani sana. Koplo aliporudi, Felista alisimama.

"Afande, mimi ndiye niliyemchoma. Nandonde mwandikie makofi ya watu wake. Bambo ni langu."

"Mwanamke huyu!" Elisha alifumba macho. "Hata uongo wangu anauchoma bambo."

"Unamfungulia kesi?" koplo aliuliza.

"Hapana. Nilikimbilia ncha mwenyewe."

Kabla jua halijazama, meneja wa ghala alimpigia Felista simu. Mpimaji aliyechoma mtu uwanjani hawezi kuendelea na majaribio. Felista aliitikia "ndiyo mzee, nimeelewa," akaizima simu, akalia bila kujificha.

"Mbona ulinichoma, Feli?"

"Nilidhani umekuja kunishika wanipige."

"Ulinidhania hivyo? Mimi?"

"Ndiyo."

Elisha akageukia ukutani. Hilo lilimchoma kuliko chuma.

Mlango ukasukumwa. Mama yake Elisha aliingia na chupa ya uji, kanga imefungwa vibaya kwa haraka. "Nani kamtoboa mwanangu?"

"Ni mimi, mama," Felista alisema.

Kofi lilisikika wodi nzima. Felista hakuinua mkono kujikinga. Mama alimtazama, kifua kikimpanda na kushuka, akaona binti hasogei wala hakimbii.

"Mkono wake wa kulia umeuua wewe," alisema. "Basi utamlisha wewe." Akamtupia kijiko, akatoka kwenda kulilia nje.

Felista alikaa ukingoni mwa kitanda, shavu likiwaka, akachota uji. Elisha aligeuka lakini akakisukuma kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Sina kazi," alisema. "Sina posa. Na mkono nao sina."

"Hata mimi sina kitu. Nioe hivyo hivyo."

"Utaniamini?"

Felista alitafuta neno tamu, akalikosa.

"Nitajifunza," alisema. "Fungua mdomo."

Elisha akakitazama kijiko. Kisha akafungua.