Chakula cha Paka Askari

Kila alasiri, masomo yakiisha, Sindano alipitia machinjioni kumngoja mama yake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya wembamba wake, na pia kwa sababu ya maneno yake yaliyochoma. Langoni alivua viatu vya shule, akavaa mabuti ya mpira, kisha akavuka ua akiruka madimbwi ya maji mekundu mpaka kwenye karo ambako mama yake aliosha matumbo ya ng'ombe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, kabla hujakaa, mpelekee Askari chakula chake."

Askari alikuwa paka mweusi mwenye kifua cheupe. Kazi yake ilikuwa kulinda stoo ya ngozi, maana panya wakishaingia humo, ngozi hutobolewa zikawa hazina faida kwa mtu. Wakati huo alikuwa ananyonyesha watoto watatu, aliowaficha nyuma ya magunia ya chumvi. Mama alimkatia vipande vya pafu, akaviweka kwenye bakuli la bati.

"Mwekee ndani ya stoo, chini ya meza," alisisitiza. "Usimpe uani. Hao mwewe wa juu hawana haya."

Kweli hawakuwa na haya. Walizunguka juu ya machinjio mchana kutwa, wala hawakujisumbua kuwinda. Walingoja kunguru aokote kipande cha utumbo, au mbwa apate mfupa wenye nyama, ndipo wajitupe chini kama jiwe na kumpokonya.

Siku moja Sindano aliona uvivu kufika stoo, akamwaga chakula pale pale uani. Askari hakuwahi hata kuinamisha kichwa. Kivuli kilipita, mbawa zikapiga upepo, na kipande kikubwa kikapaa katika kucha za mwewe. Paka alibaki ameduwaa, akiangalia juu. Sindano alicheka mpaka akashika mbavu.

Kesho yake alimwita Redio, mtoto wa mlinzi wa lango, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukuzimwa. Redio alipanda juu ya pipa, akaweka ngumi mdomoni kama mtangazaji wa mpira.

"Wasikilizaji, mechi ndiyo inaanza! Sindano anarusha... Askari anakimbia, anakimbia... Mwewe huyooo! Gooo! Paka hana kitu!"

Tangu hapo ukawa mchezo wao. Walijifunza kurusha nyama mbali, penye uwazi, ili paka achelewe. Mwewe akikawia, Sindano alimshika Askari mkia mpaka ndege afike. Paka alilia, Redio akatangaza "faulo", na wote wawili wakacheka. Mbavu za Askari zilianza kuhesabika, na chuchu zake zikanywea kama vifuko vitupu. Bado kila alasiri alikuja mbio akiliona bakuli, kwa kuwa njaa haimjui adui.

"Askari amekula?" mama aliuliza kila mara.

"Nimempa, Mama."

Neno hilo lilitoka kwa urahisi, kwani lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake.

Alasiri moja, Sindano na Redio wakiwa uani, kelele zilisikika kutoka chumba cha kukatia nyama. Askari alikuwa ameruka juu ya meza ya mchuna ngozi, akakwapua kipande cha nyama. Mchuna ngozi, mtu mwenye mikono minene na hasira za karibu, aliokota mpini wa shoka akamtandika mgongoni. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu.

Askari hakuiachia nyama. Aliburuta miguu ya nyuma akatokea uani, akielekea stoo waliko watoto wake. Alipofika katikati ya ua, mwewe alishuka, akamkanyaga kichwani, akaichomoa nyama mdomoni mwake na kuruka nayo.

Redio alikuwa amesimama karibu na pipa. Hakutangaza kitu.

Paka alijikokota mpaka kizingiti cha stoo, akakata roho hapo.

Mama alikuja mbio, mikono ikichuruzika maji. "Umeniulia paka! Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Huyu hajawahi kuiba!"

"Haki gani ya mwizi?" mchuna ngozi alifoka. "Kwani humlishi?"

"Analishwa kila siku. Muulize binti yangu."

Macho yote yalimgeukia Sindano. "Ninampa," alinong'ona.

"Umesikia? Analishwa na bado anaiba. Basi ni tabia, na vitoto vyake vitairithi." Mchuna ngozi alichukua gunia tupu akaingia stoo. "Hivi navitupa shimoni sasa hivi."

Kutoka nyuma ya magunia ya chumvi vilisikika vilio vyembamba. Sindano alimwona akiinama, akaona mdomo wa gunia ukifunguka.

"Usivitupe!" alipiga kelele. "Askari hakuwa mwizi! Mimi ndiye niliyemnyima. Nilikuwa namrushia nyama uani ili mwewe wamnyang'anye. Nilimshika mkia. Kila siku, Mama. Kila siku nilikudanganya."

"Na mimi nilikuwepo," Redio alisema, akitazama mabuti yake.

Mchuna ngozi aliuangalia mpini aliouacha mlangoni, kisha akaliweka gunia chini. Nyuma ya chumvi kitoto kimoja kilikuwa kimeshapoa. Viwili vilikuwa vikitafuta chuchu ambayo haikuwepo.

Mama hakumpiga binti yake wala hakumkaripia. Alirudi kwenye karo akamaliza kazi. Sindano na Redio walichimba shimo nyuma ya stoo, wakamzika Askari na mtoto wake. Kisha mama akaleta maziwa ya uvuguvugu na kitambaa safi.

"Utavilisha wewe, asubuhi kabla ya shule na jioni," alisema. "Humu ndani, mlango umefungwa."

Sindano alivilisha bila kukosa, Redio akimshikia kikombe, mpaka vitoto vikafumbua macho na kuanza kukimbizana kati ya magunia. Jioni moja akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini hukuwafukuza wale mwewe? Wao ndio walioiba."

Mama alikaa kwenye gunia la chumvi, akajifuta mikono.

"Mwewe alimnyang'anya ili ale, mwanangu. Wewe ulikuwa umeshiba. Ulimnyang'anya ili ucheke, kisha ukaniambia umempa. Mwewe simlaumu. Anayefurahia njaa ya mwenzake, hata mwenzake huyo akiwa mnyama, ana ukatili ambao ndege hana. Na uongo ndio uliomlinda mkatili huyo mpaka paka akafa."

Sindano alichovya kitambaa katika maziwa, akakisogeza karibu. Kitoto kimoja kilikosea, kikamng'ata kidole kwa meno yake mapya. Hakuuondoa mkono.