Msanii Asiyejulikana

Siku Cynthia alipoweka programu mpya ya muziki kwenye simu ya saluni, nyimbo zote zilijipanga mahali pake isipokuwa mmoja.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Ummulkheir, huko Barani, Malindi. Ummulkheir alichora wateja hina na rangi nyeusi ya piko. Cynthia, msichana wa Jilore aliyeishi naye kama mdogo wake, alisuka nywele. Zayd, mume wa Ummulkheir, alikuwa Lamu kwenye kazi za ujenzi na alirudi kwa nadra. Basi kutwa nzima walikuwa wao wawili, wateja wao, na simu moja kuukuu iliyounganishwa na spika juu ya kabati la mafuta.

Simu hiyo ilikuwa imewachosha. Programu ya kwanza ilikatiza taarabu katikati ya ubeti ili itangaze sabuni. Ya pili ilitaka bando, na bando likikatika nayo huwa bubu. Ya tatu ilikuwa na rangi za kupendeza, lakini ilikuwa nzito kwa simu ya umri ule, na ikiwashwa tu simu hupata moto kama chapati inayotoka kwenye chuma.

"Hii ya leo nyepesi, da Ummu," Cynthia alisema, kidole kikiteleza kwenye kioo. "Haitaki mtandao, haina matangazo. Inatafuta yenyewe kila sauti iliyomo ndani ya simu na kwenye memori kadi, halafu inazipanga kwa majina ya waimbaji. Tazama, hata Kiswahili inajua."

Ummulkheir akainama kutazama. Chini kabisa ya majina palikuwa na mstari ulioandikwa *Msanii asiyejulikana*. Wimbo mmoja. Muda wake sifuri.

"Na huu kautia nani?"

"Labda kitu kimeharibika." Cynthia akaugusa.

Spika ikatoa pumzi. Haikuwa mkwaruzo wa waya. Ilikuwa pumzi ya mtu anayejaza kifua kabla ya kuimba. Kisha kimya.

"Ufute, mwanangu."

"Haufutiki," Cynthia akasema, akacheka, akaweka taarabu.

Cynthia mwenyewe alijaliwa sauti. Kwao Jilore ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, na hapo saluni aliimba na kila kitu: taarabu, nyimbo za dini, hata mlio wa muuza samaki akipita. Alikuwa na mtindo wake wa kulivunja neno la mwisho, akalishusha polepole kama mtu anayelaza mtoto. Wako wateja waliokuja kusukwa ili wamsikilize tu.

Siku chache baadaye, adhuhuri, Bi Kuluthumu alikuwa amekaa na miguu yake imenyooshwa, hina haijakauka. Programu ilikuwa ikichanganya nyimbo yenyewe. Taarabu ikaisha, na badala ya nyingine kuanza, ikaja sauti ya mwanamke akivumisha wimbo bila maneno, mbali, kama aliye nyuma ya ukuta.

"Huyu nani?" Bi Kuluthumu akauliza. "Ananisisimua nywele."

Ummulkheir akatazama kioo cha simu. Msanii asiyejulikana. Wimbo ambao haukuwa na muda sasa ulikaribia dakika moja.

"Sijui, bibi. Ni mambo ya simu."

"Na hiyo harufu? Mmemwaga maji?"

Ilikuwa kweli. Chumba kilinuka maji yaliyolala muda mrefu gizani, na juu yake udi, ilhali hapakuwa na aliyefukiza. Cynthia alikuwa amesimama na kitana mkononi, akisafisha koo. Akasafisha tena. Hakuimba tena siku ile.

Toka hapo wimbo ukawa unakua. Kila walipoufungua ulikuwa umerefuka, na kila uliporefuka Cynthia alizidi kukwaruza. Ummulkheir alimpikia tangawizi na asali, kisha akampeleka hospitali. Daktari alimulika koo, akasema halina kidonda wala uvimbe. Waliporudi nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kama walivyouacha, lakini ndani mtu alikuwa akiimba, na walipofungua wakaikuta simu tu juu ya kabati.

Ummulkheir akafuta ile programu. Akaweka nyingine, isiyojua kitu ila kucheza mafaili ya kwenye simu. Ilipomaliza kutafuta, ikaonyesha: Msanii asiyejulikana, dakika nne. Akaifuta nayo. Akachomoa memori kadi, akaitia kwenye kikombe cha chumvi, akaweka programu ya tatu huku midomo ikisoma Ayatul Kursi. Dakika sita. Akagusa wimbo kwa sababu alitaka kujua, na papo hapo akajuta kujua, maana sauti haikuwa tena ya mbali wala ya nyuma ya ukuta, ilikuwa imeingia chumbani, imara, tamu, na ilipofika neno la mwisho ikalivunja, ikalishusha polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Cynthia alikuwa mlangoni. Alifungua kinywa kusema kitu, mishipa ya shingo ikamsimama, na hakikutoka hata kinong'ono.

Ummulkheir alizima simu, akang'oa waya wa spika, akatoa na betri. Wakakaa chini, wameshikana mikono, jua la mchana likiwaka barabarani na watu wakipita na mikokoteni yao kama siku yoyote. Na juu ya kabati, kutoka kwenye spika isiyo na waya, ile pumzi ikavutwa tena.

Alasiri hiyohiyo Ummulkheir alikwenda kwa jirani kuazima simu, akampigia mama yake Cynthia.

Priscilla alifika siku iliyofuata na mwanamke mnene, mfupi, aliyevaa kanga mbili na viatu vya plastiki. Alikuwa mganga, na Priscilla alikuwa amemfuata hadi kijiji cha Adu. Aliitwa Hawe Mbeyu, na kabla ya kuketi aliomba chai ya rangi.

"Kanisani wakijua nimemleta huyu, watanitenga," Priscilla alimnong'oneza Ummulkheir jikoni. "Lakini mwanangu hawezi hata kuniita mama. Jana usiku nimelia hadi macho yakakauka."

"Nisamehe, Mama Cynthia. Ulinikabidhi mzima."

"Sikuja kukulaumu. Nishike mkono tu, ninaogopa."

Hawe Mbeyu hakuitazama simu. Alimshika Cynthia kidevu, akanusa pumzi yake, uso ukakunjamana. "Kisima," alisema. "Kiko wapi?"

Ummulkheir akashtuka. Nyuma ya nyumba, chini ya bati lililokandamizwa kwa mawe, kilikuwapo kisima cha zamani ambacho hakuna aliyekitumia tangu maji ya bomba yaje.

"Uliimba humo, mwanangu?"

Cynthia akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Kwa mikono akawaeleza: alisogeza bati, akainama na simu, akajirekodi, kwa kuwa sauti mle ndani ilirudi nzuri.

"Ikarudi ile uliyoitoa, au ikarudi na nyingine?"

Cynthia akainua vidole viwili.

"Nawe ukaona raha, ukaimba tena." Hawe Mbeyu akaiweka chini bilauri ya chai. "Katika mashetani, wako wanaotaka damu, wako wanaotaka marashi na nguo nyeupe. Huyu anataka koo. Hana lake. Akisikia la mtu hulijaribu kwanza kidogo, kama anayeonja mchuzi. Hizo programu zenu hazina kosa. Ziliambiwa zitafute kila sauti iliyomo, zikaikuta na yake."

"Atarudisha?" Priscilla aliuliza.

"Tutamrudisha alikotoka na alichobeba atakiacha juu. Lakini nisikilizeni. Atasema. Akisema, asiitike mtu. Hata akiwaita kwa majina yenu ya utotoni, asiitike mtu."

Wakaenda nyuma. Bati lilipoondolewa, ile harufu ikapanda, maji yaliyolala na udi, nzito kiasi kwamba kuku walikimbilia uani kwa jirani. Hawe Mbeyu akaifunga simu na spika ndani ya vitambaa vitatu, cheupe, chekundu na cheusi, akavinyunyizia marashi ya mawaridi, akafunga kamba, akampa Ummulkheir ashike pamoja naye. Akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, chini kwa chini, na kamba ikaanza kushuka.

Mwanzo mzigo ulikuwa mwepesi. Ulipopita ukingo ukawa mzito, kama ndoo iliyojaa, kisha kama mtu mzima, na kamba ikamkata Ummulkheir viganja hadi akauma ukaya wake wa kichwani asipige kelele.

"Mama," ikasema sauti toka ndani.

Ilikuwa ya Cynthia. Haikukwaruza. Ilikuwa vilevile kama alivyotoka nayo Jilore.

"Mama, ni mimi. Usiwaache wanishushe. Huku giza, mama, kuna baridi, maji yananifika kifuani. Huyo aliye juu si mimi. Mtazame vizuri. Kwa nini hasemi?"

Priscilla akageuka kumtazama msichana aliyesimama kando yake, na msichana akatikisa kichwa kwa nguvu, akajipiga kifua, akamshika mamake mabega, kinywa wazi, akijaribu kwa mwili mzima kutoa neno moja tu la kumwokoa, na neno halikuja, na kule chini ile sauti ikawa inalia, ikitaja jina ambalo Priscilla alimwita mwanawe alipokuwa mdogo na homa, ikitaja wimbo aliombembelezea nao, ikitaja mambo ambayo hakuna mtu wala shetani angeyajua ila yule aliyelala kwenye mapaja yale, na Ummulkheir, kamba ikimteleza kwenye damu ya viganja vyake, naye moyoni akaanza kujiuliza ni yupi wanayemzamisha.

"Mwanangu!" Priscilla akalia.

Kilio kikakatika papo hapo. Kamba ikalegea, nyepesi, haina kitu. Walipoivuta juu ilikuja kavu, na nyuzi za mwisho zimekatwa sawasawa kama kwa meno.

"Nani ameitika?" Hawe Mbeyu akauliza, ingawa alisikia. Alikitazama kisima kwa muda mrefu, akasema kimefungwa, akawaamuru wamwage saruji juu yake, na akaondoka bila kumaliza chai yake.

Wakamwaga saruji. Cynthia akarudishwa Jilore apumzike, maana Hawe Mbeyu alisema sauti hujirudia yenyewe ikiachwa itulie. Ummulkheir akanunua simu ndogo ya vibonyezo, ya kupiga na kupokea tu. Saluni ikawa kimya. Wateja waliuliza muziki uko wapi, naye akasema simu imeharibika. Viganja vyake vikapona. Harufu ikaisha. Zayd alipopiga kutoka Lamu kumjulia hali, alimwambia ni wazima salama, na polepole akaanza kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Asubuhi moja, akiwa anakoroga hina, simu ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo, da Ummu."

Kijiti cha hina kilimwanguka. "Marahaba! Cynthia? Cynthia, ni wewe?"

"Ni mimi. Imerudi, dada. Nimeamka leo nikajikuta naimba."

"Alhamdulillahi! Alhamdulillahi rabbil alamina!" Ummulkheir akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia na kucheka kwa pamoja. Wakazungumza muda mrefu. Cynthia alimwuliza hali ya Zayd, akamwuliza Bi Kuluthumu, akamwuliza kama saluni ina wateja. Kisha akaimba kidogo, ubeti mmoja, akalivunja neno la mwisho na kulishusha, na Ummulkheir akafumba macho kwa raha.

"Nimeikosa saluni," Cynthia akasema. "Nunua simu nyingine nzuri, dada. Mimi nitakuchagulia programu. Nikuimbie kutwa."

"Njoo wewe kwanza, mwanangu. Simu baadaye."

"Kwani sijaja?"

Mlango ukabishwa hodi. Ummulkheir, simu bado sikioni, akaenda kufungua huku akicheka, akidhani msichana amempigia akiwa njiani ili amshtukize.

Walikuwa wawili. Priscilla alikuwa amekonda, mkoba wa hospitali ukining'inia begani. Kando yake alisimama Cynthia, shingo imefungwa mtandio.

"Hodi humu," Priscilla alisema kwa uchovu. "Tumepitia kukusalimu tu. Bado, dada yangu. Hajatoa hata neno."

Ummulkheir alitaka kukata simu, lakini kidole hakikumtii. Ndani ya kile chumba kimya, ile sauti tamu ikasikika wazi kwa wote watatu.

"Ni nani huyo aliyekuja, da Ummu?"

Priscilla akashika mwimo wa mlango. Lakini Cynthia hakurudi nyuma. Aliisikiliza, kisha akanyoosha mkono kuelekea ile simu, kiganja juu, kama mtu anayeomba arudishiwe kitu chake.