Mtumiaji wa Zamani

Asubuhi ile Gacheri alipowasha kompyuta, kitufe cha kuanzia hakikuwa mahali pake. Tangu aajiriwe kilikuwa kona ya chini, mkono wa kushoto, na vidole vyake vilikuwa vikienda huko vyenyewe, kama mtu anyooshaye mkono rafuni na kukuta chumvi palepale alipoiacha jana. Sasa kona ilikuwa tupu. Kitufe kilikuwa kimesogea katikati, na maneno aliyoyazoea yalikuwa yamegeuka vipicha visivyosema kitu: duara, mshale, na kitu kingine ambacho kingeweza kuwa bahasha au godoro. Alitafuta mahali pa kuchapishia mpaka chai ikapoa.

Hakuogopa. Nani huogopa kitufe? Alikasirika tu, kwa ile hasira ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta jirani amempangia jikoni upya, tena anangoja ashukuriwe.

Ofisi yenyewe ni ya kuandikisha vizazi na vifo, upande wa baridi wa mlima, kati ya Kibirichia na Timau, mahali ambapo ukungu huingia mlangoni kama mwananchi mwingine na kukaa kwenye benchi kungoja zamu. Msajili, Bwana Mutembei, alikuwa mtu wa imani mbili, Biblia na waraka wa serikali, na zikikinzana, Biblia ndiyo iliyoombwa isubiri. Waraka ulikuwa umeagiza kompyuta zote zihamie sistemu mpya, tena ya Kiswahili, ili serikali imkaribie mwananchi. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha aina ambayo hakuna mwananchi aliyewahi kukisema.

Aliyekuja kuiweka ni Vincent, fundi wa kompyuta kutoka mjini. Alifanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye chipsi. Karibu na mwisho, mashine iliuliza swali: *Je, ungependa kuhamisha kila kitu kutoka kwa mtumiaji wa zamani?* Vincent akamtazama Gacheri. Gacheri akamtazama Bwana Mutembei. Bwana Mutembei akasema serikali haitupi kitu. Gacheri akabonyeza Ndiyo.

Mtumiaji wa zamani alikuwa marehemu.

Aliitwa Ciakuthii. Kwao kulikuwa Mbeere, nchi kavu ya chini kule Embu, na serikali, kwa hekima yake, ilimpandisha cheo ikamleta kwenye baridi. Aliandika kwa vidole viwili: tap, tap, tap, akanyamaza, kisha akakipiga kile kitufe kikubwa cha kumalizia kama anayeua kiroboto. Ofisi nzima ilijua anapofanya kazi. Siku moja mchana kibodi ilinyamaza, na waliokwenda kutazama walimkuta amelaza paji la uso juu yake, skrini ikiendelea kujaa herufi moja.

Hakuacha mtoto. Huku mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Bundi, Mama Maxine. Yeye aliitwa Madam, cheo ambacho watu humpa mwanamke wasiyejua wamwite nani. Na huku jina la mtoto si pambo. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na kwa njia hiyo wazee hurudi, mmoja mmoja, kila mtu kwa mlango wake. Asiye na mtoto hana mlango. Ciakuthii alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika waliorudi. Kila mama aliyefika dirishani na mtoto mgongoni alimuuliza swali lilelile kabla ya lile la serikali: mmemrudisha nani?

Siku ya harusi ya Gacheri, pale Kaaga, katikati ya wageni na sahani, Ciakuthii alimshika mikono yote miwili akamuuliza, ukipata msichana, utaniita, umpe jina langu? Gacheri akasema ndiyo. Angesema nini? Mtu hamkatalii mkubwa wake mbele ya wageni, siku ya harusi, mdomo una pilau. Watu walicheka. Ciakuthii hakucheka.

Sasa Gacheri alikuwa na mimba kubwa, tumbo likigusa meza, na daktari alikuwa amesema ni msichana. Jina lilikuwa limekwisha kupangwa. Angeitwa Kinya, kwa mama ya mumewe, na mama huyo alikuwa hai, mwenye afya, akilitaja jina lile kwa tumbo kila alipopita na ndoo.

Ubaya ulianza na mtoto wa mtu mwingine. Mama mmoja, mfanyakazi wa shamba la maua Timau, alileta kijana wake kuandikishwa. Anaitwa Gitobu, alisema. Gacheri akaandika herufi ya kwanza, na sistemu mpya, ambayo ilijiona inajua mtu anataka nini kabla hajasema, ikaifuta ikammalizia: *Ciakuthii*. Akafuta. Akaandika tena. *Ciakuthii*. Yule mama akacheka, akasema hilo ni jina la nyanya wa mtu. Gacheri naye akacheka, lakini mikono yake haikushiriki.

Alimpigia simu Vincent, na Vincent akamweleza kwamba sistemu hizi za siku hizi hujifunza tabia za mtumiaji, zina kumbukumbu, hakuna ajabu.

"Mpe muda, madam," alisema. "Atakuzoea."

Gacheri alipokata simu ndipo alipojiuliza kwa nini fundi, akizungumzia mashine, alisema kama anayezungumzia mtu.

Kisha ikaja harufu. Haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililomkosesha amani. Ilikuwa harufu ya vumbi kavu linapopigwa na tone la kwanza la mvua, harufu tamu ya nchi iliyongoja sana; na huku juu, ambako udongo haujawahi kukauka tangu Mungu aumwage, haikuwa na pa kutoka. Ilitoka nyuma ya skrini, pale mashine inapopumulia. Halafu zikaja sauti. Gacheri alikuwa chumba cha chai, ukungu umebana dirisha, Bwana Mutembei yuko kwa chifu, mlango wa ofisi amefunga mwenyewe na ufunguo uko mfukoni, aliposikia upande wa pili wa ukuta: tap, tap, tap. Kimya. Halafu pigo. Na ndani ya tumbo lake, baada ya pigo, mtoto akapiga teke moja, kama anayejibu.

Alisimama pale kikombe mkononi mpaka Bwana Mutembei aliporudi. Walipofungua, skrini ilikuwa imewaka, na kwa yale maandishi mapya ya mviringo, mororo kama maziwa lala, ilikuwa imeandika: *Karibu tena, Ciakuthii. Umebakisha kazi moja.*

Bwana Mutembei aliitazama kwa muda. Halafu alifanya jambo ambalo mtu wa aina yake hufanya akiogopa, alitafuta mwongozo. Mwongozo ulisema mtumiaji huondolewa kwa kujiuzulu, kwa uhamisho, au kwa kifo, na kifo huthibitishwa kwa cheti. Wakakitafuta cheti cha Ciakuthii. Hakikuwepo. Aliyekuwa akiingiza vifo kwenye mashine ni Ciakuthii mwenyewe, na alipokufa kila mtu alidhani mwingine amemwandika. Alikuwa amezikwa, ameliliwa, kiti chake kimepewa Gacheri, lakini hakuna aliyeiambia serikali.

"Basi kiserikali," alisema Bwana Mutembei, akivua miwani, "Madam bado yuko kazini."

Alikusudia iwe mzaha. Harufu ya mvua ikajaa chumba.

Gacheri alikwenda nyumbani akamweleza mama mkwe wake, kwa sauti ya chini, jikoni, huku wakimenya viazi. Kinya hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu, kama katika kuhama huko walihamisha na vitu vya yule mtu. Gacheri akasema walihamisha kila kitu.

"Mwari," alisema Kinya, akaweka kisu chini. "Mtu akifa bila mwana, nyumba yake huachwa ianguke na mafiga yake ndani. Ukiyabeba mafiga yale ukayapanga nyumba mpya, umemwambia mwenyewe aje apike."

Akamwagiza amwambie yule marehemu waziwazi kwamba amekufa, maana labda hakuna aliyemwambia. Na chochote atakachoomba, asipewe.

Vincent akaitwa tena. Alikuja na diski zake mfukoni, kama mganga na vibuyu, akiwa na uso wa mtu anayejua kosa liko kwa mtumiaji. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka taa zikawashwa. Benchi lilikuwa tupu. Bwana Mutembei alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mwenyekiti wa kamati ambayo haijapata akidi. Vincent alieleza kwamba njia fupi ni kumwandikisha marehemu kifo, mashine imfunge yenyewe, kazi iishe. Kwa kuwa Gacheri ndiye mwenye ruhusa, Gacheri akakaa.

Aliandika jina. Safari hii mashine haikumsaidia. Ilimngoja aandike herufi zote. Aliandika mahali pa kifo: ofisini. Stima ikapotea. Taa zilizimika, redio ya kibandani nje ikakatika katikati ya neno, ile betri ya akiba chini ya meza ilikuwa imekufa zamani, nayo bila cheti. Na skrini ikabaki imewaka.

Swali lililofuata lilijitokeza polepole. *Je, marehemu ameacha mtoto?*

Gacheri akabonyeza Hapana.

*Jibu si sahihi. Tafadhali jaribu tena.*

Akabonyeza tena Hapana, na tumbo likakaza, si kwa uchungu bado, bali kama mkono uliofunga ngumi kwa ndani, na harufu ile ya mvua ikapanda ikamkaa kooni, na nyuma ya kiti chake, karibu kabisa, pale mtu anaposimama akitaka kusoma juu ya bega lako, alihisi ubaridi usio wa ukungu, ubaridi wenye umbo, wenye subira, uliokuwa umesimama madirishani maisha yake yote ukiandika wana wa watu, na alijua kwamba akigeuka atauona, na kwamba asipogeuka utainama, akabonyeza Hapana, na Hapana, na kila mara maandishi yale mororo yakamrudia kwa adabu ileile, na kila mara ngumi ikakaza zaidi, mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile na akamsikia mtu akinong'ona kwa sauti yake mwenyewe, "Madam, ulikufa. Nisamehe. Ulikufa. Huyu ni Kinya."

Alihisi ule ubaridi ukisikiliza. Alihisi, au alidhani alihisi, ukirudi nyuma hatua.

"Madam, weka tu Ndiyo," alisema Vincent. "Ni swali la lazima, haliwezi kupita hivyo. Weka Ndiyo tuendelee, tutarekebisha baadaye."

Gacheri alitikisa kichwa kukataa. Na Vincent, ambaye maisha yake yote alikuwa amebonyeza Ndiyo ili mambo yaendelee, kama sisi sote, bila kusoma, alinyoosha mkono juu ya bega lake akabonyeza.

*Asante. Tunatayarisha vitu kwa ajili yako. Usizime.*

Duara dogo likazunguka. Ngumi ikafunguka tumboni, taratibu, kidole kwa kidole, na mtoto akatulia, utulivu wa mtu aliyepata mahali pa kukaa. Stima ikarudi. Redio nje ikamaliza neno lake. Mashine ya kuchapisha ikaguruma, ikatoa cheti cha kifo cha Ciakuthii, safi, bila kosa, na Bwana Mutembei akaingia sasa kwa miguu yote miwili, akakipiga muhuri kwa furaha ya mtu aliyeona utaratibu ukishinda. Harufu ilikuwa imekwisha. Ofisi ilinuka ukungu na karatasi, kama inavyopaswa.

Kwenye skrini yalikuwa yamebaki maneno machache, yaliyofifia kabla wanaume wale hawajayaona. Gacheri aliyaona. *Kila kitu kimehamishwa.*

Tangu siku hiyo sistemu mpya haikumsumbua mtu. Kitufe kiliendelea kukaa katikati, na mikono ikakizoea. Mtoto alizaliwa salama, akaandikishwa Kinya bila herufi kukataa, na pasta akamwombea kwa jina hilo. Vincent alituma pongezi kwa simu. Cheti cha kuzaliwa kilitoka kabla ya wakati, jambo ambalo Bwana Mutembei alilitaja kwenye ripoti yake kama ushahidi wa faida za sistemu.

Mama mkwe pekee ndiye aliyeacha kumchukua mtoto. Alisema mgongo unamsumbua. Alikuwa akimwita kutoka mlangoni, "Kinya, Kinya," jina lake mwenyewe, na mtoto, aliyegeukia mlio wa kuku na mlio wa sufuria, hakugeuka.

Asubuhi moja, ndani wako wawili tu, Gacheri alikuwa akimnyonyesha karibu na moto. Aliinama kumnusa utosini, kama mama yeyote, akanusa vumbi kavu na tone la kwanza la mvua. Nje kulikuwa na ukungu wa wiki nzima. Mkono mdogo ulikuwa umelala juu ya kifua chake, na sasa vidole vyake, viwili tu, vilikuwa vikigonga ngozi: tap, tap, tap. Vikanyamaza. Kisha kiganja kizima kikashuka, pa, kama kinachoua kiroboto.

Gacheri alitazama mlango. Alimtazama mtoto. Alisema kwa sauti ndogo mno, sauti ya mtu anayeomba Mungu asijibiwe:

"Madam?"

Mtoto akaachia titi, akainua macho, akamtazama kama mtu aliyeitwa dirishani baada ya kungoja zamu yake kwa muda mrefu sana.