Bakuli la Kliniki ya Vijana

Ilikuwa mwaka 2018, msimu wa baridi. Mke wa fundi cherehani aliamka alfajiri akasikia maji yakimwagika bafuni. Mwanawe, aliyeitwa Twiga kwa urefu wake, alikuwa akioga. Mama alishika kifua. Tangu kijana huyo aanze kumeza vidonge vya kulevya, hakuwahi kuamka kabla ya jua kuwa kali.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kliniki, mama. Leo ni siku ya bakuli."

Wazazi walimfuata. Huko, vijana waliokuwa katika matibabu walipimwa mkojo. Aliyekutwa hana dawa za kulevya mwilini alichota katika bakuli kikaratasi kilichotaja zawadi yake. Mmoja alipata sabuni, mwingine soksi, mwingine neno "Hongera" tu. Ikafika zamu ya Twiga.

"Chota kwa mkono, siyo kwa shingo!" wenzake walimtania.

Alipata mpira wa miguu. Chumba kizima kilishangilia. Twiga akacheka kwa sauti, na wazazi wake wakapigwa na butwaa. Walikuwa wameisahau sauti ile.

"Mambo ya watoto haya," fundi alinong'ona, lakini macho yalikuwa yamemtoka.

Wiki iliyofuata, kipimo kilionyesha kwamba Twiga amemeza tena. Fundi akaja juu. Aliuchukua mpira, akampa mtoto wa jirani.

"Mlevi hana zawadi!"

Siku ya kliniki ilipofika, Twiga hakutoka chumbani.

"Niende kufanya nini? Hata changu kinachukuliwa."

Mchana, mnasihi wa kliniki alibisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kumbembeleza huyu?"

"Nimekuja kwako, mzee. Nimesikia habari za mpira. Akiteleza, siku hiyo hachoti. Akiacha tena, anachota tena, na akiendelea vizuri tunamwongezea nafasi za kuchota. Lakini alichokwisha kukipata hakiguswi. Alikipata kwa jasho lake."

"Yaani mpira tu ushindane na vidonge?"

"Peke yake hauwezi. Anahitaji pia ushauri, matibabu na ninyi wazazi. Lakini vidonge humpa furaha papo hapo. Nasi tunampa furaha nyingine, papo hapo, kwa kila hatua njema. Miaka yote hii nimeifanya kazi hii, mzee, na bado nikiona kijana anaamka kwa ajili ya kipande cha sabuni, mwili hunisisimka."

 Fundi akausogelea mlango wa mwanawe.

"Mwanangu, nimekukosea. Twende kliniki. Nitakaa nawe huko."

Mlango ukafunguliwa taratibu.

Siku hiyo Twiga hakuchota, kwani kipimo bado kilionyesha vidonge. Wiki iliyofuata kipimo hakikuonyesha dawa. Aliingiza mkono katika bakuli, akatoa kikaratasi kilichoandikwa "Hongera." Vijana wakapiga makofi kana kwamba amepata gari.

Fundi akasimama mbele yao wote. Akatoa mpira mpya katika mfuko alioubeba, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili.

"Huu si zawadi. Nilichukua chako. Leo nakulipa."