Uso Usio na Miwani

"We mwenye miwani! Hebu toka hapo, unaniharibia picha!"

Ukumbi mzima uligeuka. Bibi harusi alikuwa amesimama kwenye ngazi, gauni limefumuka mshono wa nyuma, na Fundi, mwanamke mshonaji, amepiga magoti nyuma yake, sindano mkononi, pini tatu mdomoni. Alizitoa pini moja moja, taratibu, maana ugomvi huu alijua atashinda.

"Nikitoka, utapiga picha ya mgongo wa mtu ulio wazi. Unataka?"

Mpiga picha, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa hasa na viatu vinavyong'aa, alishusha kamera. "Mdomo huo!"

"Na wewe jicho hilo! Miwani umeiona, gauni lililopasuka hujaliona."

Ndivyo walivyoanza, kwa kurushiana maneno. Kabla keki haijakatwa, mpiga picha alikuwa ameshaomba namba. Fundi alimbandika jina la Kamera, na ndani ya miezi minne Kamera alikuwa anapiga simu mara tatu kwa siku.

"Umekula, kipenzi?"

"Nina shanga mia nne za kushona, usinitajie kula."

"Nikuletee?"

"Lete. Na usinipige picha nikitafuna."

Fundi alikuwa na miaka arobaini na moja, na macho yake yalikuwa hayaoni mbali tangu shuleni. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara, kwake alikuwa ukungu. Lakini akiipandisha miwani kichwani na kusogeza kitambaa hadi karibu na pua, aliona kila uzi, aliona hata tundu la ushanga mdogo kuliko ufuta. Maharusi walimfuata kwa kazi hiyo, wakaacha mafundi wa karibu na kwao.

Kamera yeye aliona miwani tu. "Macho mazuri hivyo, mbona umeyafungia dirisha?" alianza kwa utani. Utani ukawa ombi, ombi likawa kero. Ili kununua amani, Fundi akajaribu lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Mbali aliona hadi namba za magari, lakini shanga zikageuka ukungu, na lenzi haipandishwi kichwani. Siku ya tatu alijidunga kidole, akatia doa la damu kwenye gauni jeupe la watu. Akazitoa, akazitupa.

"Basi leza, macho yarekebishwe moja kwa moja," Kamera alisema kwenye simu. "Nimeshakuwekea miadi. Jumanne, saa nne."

"Nani kakutuma?"

"Mapenzi."

"Mapenzi hayo yangeniuliza kwanza. Haya macho ni yangu!"

Alikwenda hata hivyo, kwa kuwa alimpenda.

Daktari, mama mwembamba asiyepoteza maneno, alimpima kwa nusu saa. "Macho yako yanafaa," alisema. "Ila sikufichi. Tukishayarekebisha uone mbali, kwa umri wako kuona karibu kutakusumbua. Shanga utazishona kwa miwani ya kusomea, na pale puani unapoona leo hutaona tena. Miwani unaivua. Hii huivui. Kafikirie, usinijibu hapa."

Kwenye korido Kamera alikuwa anachekelea. "Umesikia? Yanafaa!"

"Nimesikia na mengine."

"Aa, si shanga tu hizo?"

Shanga tu. Miaka kumi na tisa ya kazi, mwenzake kaifuta kwa maneno mawili. Fundi alirudi nyumbani peke yake, kwa miguu, amefura.

Walinuniana wiki nzima. Ijumaa simu ikalia. "Kesho mama yangu anakuja studio kwangu kukuona. Yaishe, mchumba wangu."

"Yaishe," alisema Fundi, na moyo ukalainika. Kesho yake alivaa gauni la buluu alilojishonea mwenyewe, akaifuta miwani mpaka ikang'aa, akapanda ngazi za studio.

Mama mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anajipepea kwa bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mkwe wangu yuko wapi? Mmekuja wote?"

"Ndiye mimi, mama."

Mama akamtazama. Akatoa simu kwenye mkoba, akaitazama, akamtazama tena, kisha akamwonyesha picha. "Na huyu ni mdogo wako?"

Pichani alikuwa Fundi mwenyewe, kwa tabasamu lake na hereni zake. Miwani ilikuwa imefutwa kwa kompyuta, na pale fremu ilipomwachia alama puani palikuwa laini kama pua ya mwanasesere.

"Alinitumia mwezi uliopita," mama alisema, sauti imeshuka.

Kamera aliingia na soda tatu. Fundi hakumsalimu. "Mwezi uliopita? Daktari hajanigusa, wewe umeshanifanyia upasuaji?"

"Usinivunjie heshima mbele ya mama."

"Mama ndiye uliyemvunjia. Umemtambulisha kwa mtu asiyekuwepo."

"Lakini baada ya leza si ungekuwa hivyo hivyo? Mimi nimetangulia tu!"

"Basi endelea kutangulia."

"Mwanangu, subiri," mama alisema, na haikujulikana anamwambia nani. Fundi alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

"Utampata nani mwingine, na hiyo miwani?" Kamera alimfokea kutoka mlangoni.

Jibu alikuwa nalo, kali kama wembe, lakini alilimeza, akashuka ngazi. Liliuma neno lile kwa sababu limetoka kwa yule anayempenda.

Jumapili simu ililia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Nimeirudisha miwani," Kamera alisema mbio mbio. "Kwenye kila picha. Mama nimemtumia upya. Njoo uone, umependeza."

"Umeirudisha."

"Zote, kipenzi."

"Kwa hiyo hata miwani yangu mwenyewe nivae kwa ruhusa yako."

Kamera akasema kwa sauti ndogo: "Nakupenda."

"Najua. Na mimi nakupenda. Isingekuwa hivyo, ningekuacha siku ile ulipotaja leza. Leo ndiyo nakuacha."

Akakata simu. Akalia, akanawa uso, akarudi kwenye gauni la watu.