Kamera Iliyochukuliwa na Dalali

Hippolyte na mkewe Mbambu walikuwa na studio ndogo ya picha Wandegeya, jijini Kampala, karibu na chuo kikuu. Walikuwa wametoka Butembo, Kongo, wakati wa vita. Nyumba walipanga Bwaise, mtaa wa bondeni.

Kila asubuhi Mbambu alifagia studio na kunyoosha pazia la buluu. Wanafunzi walikuja kupiga picha za vitambulisho. Wenye uso unaong'aa, Mbambu aliwapaka poda. Hippolyte aliwaambia, "Nyanyua kidevu kidogo," kisha akapiga. Biashara haikuwa kubwa, lakini ilitosha chakula na karo ya binti yao, Princesse.

Mwaka ule mvua ilinyesha sana. Maji yaliingia nyumbani Bwaise, yakaharibu magodoro na unga. Pesa ya leseni ya biashara ikatumika kununua vingine. Halmashauri ya jiji ikaleta barua ya kudai leseni. Hippolyte aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Barua ya pili ilipokuja, alifanya vilevile. Hakumwambia mkewe. Aliona kwamba mkimbizi akienda ofisini ataulizwa maswali mengi.

Halafu akaja dalali, mtu aliyetumwa na halmashauri kudai madeni. Alikuja wakati Mbambu yuko sokoni. Alizungumza kwa upole.

"Ssebo, bwana wangu, usiogope," alisema. "Nipe kidogo kidogo kila wiki. Tutaelewana."

"Na risiti?" Hippolyte aliuliza.

"Risiti utapata ukimaliza."

Hippolyte alimshukuru. Kila wiki alimpa pesa mkononi, kwa siri. Aliamini deni linapungua.

Siku hizo mama yake Mbambu alikuja kutoka Butembo kutibiwa macho. Kabla hajarudi, Hippolyte alimpiga picha pale studio. Bibi alivaa kitenge kipya, akampakata Princesse, akacheka. Mbambu alifurahi, kwa sababu mama yake hakupenda kupigwa picha.

"Utazisafisha lini?" aliuliza.

"Mkanda wa picha bado haujaisha. Ukiisha nitasafisha zote pamoja."

Bibi akapanda basi, akarudi kwao.

Wiki ileile dalali alirudi. Safari hii alikuja na pikapu na vijana wa kubeba mizigo.

"Lakini mimi ninalipa," Hippolyte alisema.

"Umelipa gharama zangu," dalali alijibu. "Kila nikija hapa ni gharama. Mafuta ya gari ni gharama. Deni la halmashauri liko palepale. Na leo kuna gharama ya kubeba vitu na kuviweka stoo."

Mbambu alimtazama mumewe. "Deni gani, Papa Princesse?"

Hippolyte aliangalia nje. Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Vijana walibeba taa, viti na kamera. Aibu ilimzidi, akainamisha kichwa. Hata hakusema, "Ngojeni kwanza nitoe mkanda."

Studio ikawa tupu. Hippolyte alizunguka mjini kutafuta vibarua. Mbambu alikata karatasi, akatengeneza bahasha na kuziuza palepale studio. Usiku hawakuzungumza sana. Kisha habari ikafika kutoka Butembo kwamba Bibi amefariki. Hawakuwa na nauli ya kwenda kuzika.

Baada ya msiba, mwanamke mmoja aliingia studio kutaka picha za pasipoti. Jina lake Laker. Alifanya kazi katika ofisi inayowasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

"Hatuna kamera, Madamu," Mbambu alisema. Akamweleza yaliyotokea.

Laker alikaa. "Dalali aliwaonyesha hati inayomruhusu kuchukua mali?"

"Sikuuliza," Hippolyte alisema.

"Aliwaachia karatasi yenye orodha ya vitu alivyochukua?"

"Hapana."

"Na pesa ulizompa, nani alikuona?"

"Hakuna," Hippolyte alisema.

"Sikilizeni," Laker alisema. "Gharama za dalali zipo. Huwezi kuzikataa zote. Lakini zina utaratibu wake, hazitoki mdomoni mwake tu. Mwambieni aandike kila gharama na sababu yake. Msizozielewa, pelekeni kwa waliomtuma. Na deni la halmashauri, ombeni kulilipa kidogo kidogo, mpewe makubaliano yaliyoandikwa. Lipeni benki, mchukue risiti. Pesa ya mkononi inapotea."

"Wakiniuliza habari za ukimbizi?" Hippolyte aliuliza.

"Onyesha karatasi zako. Umekwenda kulipa, hukwenda kuiba. Lakini msikawie. Kamera ikizidi kukaa stoo, gharama inazidi."

Siku ileile walikwenda wote watatu. Afisa wa halmashauri aliangalia kumbukumbu zake.

"Hapa haijafika hata shilingi moja," alisema.

Dalali aliitwa. Alitakiwa kuandika gharama zake zote. Baadhi alikuwa na ushahidi wake, nazo zikabaki. Nyingine hakuweza kuzieleza. Hizo zilifutwa, na pesa ambayo Hippolyte alikuwa amezilipia ikahesabiwa kwenye deni la leseni. Deni lililobaki liligawanywa kwa miezi. Hippolyte na Mbambu walitia sahihi wote wawili, na vitu vyao vikaruhusiwa kutoka.

Walikwenda stoo kuvichukua. Kamera ilikuwa nzima, lakini mfuniko wake wa nyuma ulikuwa wazi. Mtu alikuwa amevuta mkanda nje. Hippolyte aliushika, akautazama.

"Zimeungua," alisema. "Mwanga umeingia."

"Hata za mama?"

"Zote."

Mbambu aliketi juu ya kiti chao kimoja, katikati ya ile stoo. Aliupokea mkanda, akauviringisha.

"Barua ya kwanza ilipokuja, ungeniambia," alisema. "Tungekwenda wawili."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ungeogopa ukiwa na mimi."

Hippolyte alitundika kamera shingoni. Alibeba taa, akazipeleka nje.

Studio ilifunguliwa tena. Kila mwezi Mbambu alilipa benki na kuhifadhi risiti. Dalali hakurudi, na gharama mpya hazikuongezeka. Deni likaisha. Siku leseni ilipotundikwa ukutani wanafunzi waliwapongeza. Hippolyte aliwashukuru, lakini hakuweza kufurahi kama wao.

Jirani yao Owuor, Mkenya fundi viatu, alikuja siku moja na bahasha mkononi.

"Halmashauri wameniandikia," alisema. "Dalali mmoja ananiambia nimpe kidogo kidogo, yeye atanisemea."

"Umempa?"

"Bado. Nataka nione kwanza wiki hii itaendaje. Labda wiki ijayo nitakwenda kuuliza."

Wateja walikuwa wamepanga foleni hadi mlangoni. Hippolyte alimtazama Mbambu. Mbambu akaitikia kwa kichwa, akaanza kuwaomba radhi wateja.

"Chukua barua yako, Owuor," Hippolyte alisema, huku akivaa koti. "Tunakwenda sasa hivi."